Chupa Kumi na Moja za Lurujo

Kilichonitoa Tanga ni barua ya Candiru. Tuliwahi kusoma pamoja kozi ya usafi wa maji Morogoro, mimi nikiwa afisa afya wa manispaa na yeye wa wilaya ya Arua, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Aliandika kwamba Koboko, mji mdogo wa wilaya yake, kumefunguliwa kiwanda cha ngozi, na watu wanaoishi chini yake, kando ya kijito, wanalalamika. "Mimi hapana jua mambo ya kiwanda," aliandika kwa Kiswahili cha kwao. "Wewe unajua. Kuja, dada Rehema." Likizo yangu ilikuwa imekaribia. Nikafunga mkoba, na juu ya nguo nikaweka karatasi za kupimia maji, zile zinazogeuka kijani kwa maji ya kawaida na buluu iliyokolea kwa maji yenye chokaa.

Nilipita Mwanza, nikavuka ziwa kwa meli, na siku ya tano nikaondoka Kampala kwa basi la alfajiri. Karuma tulisimama kusubiri msafara wenye askari, maana miaka ile ya tisini barabara hiyo haikuaminika kwa sababu ya waasi. Tulipofika daraja la Pakwach na kuiona Naili pana, imetulia, basi zima likaanza kuongea kwa pamoja, na mama aliyeketi kando yangu akanigawia karanga kana kwamba tumelelewa nyumba moja.

Arua niliingia jioni. Candiru alikuwa stendi na pikipiki ya ofisi, amenenepa kidogo, kicheko ni kilekile. Kwake tulikula ugali wa muhogo na kunde zilizoungwa kwa ufuta, akanieleza shida yake. Kiwanda kile kimeajiri watu wa Lurujo, kijiji hicho hicho cha kando ya kijito. Akikifunga, nyumba nyingi zitakosa riziki. Akikiacha, kijito kitakufa. Na kanuni ilimtaka ampelekee mwenye kiwanda barua wiki moja kabla ya ukaguzi.

"Umeshaipeleka?" nikamuuliza.

"Iko kwake. Sheria ni sheria."

Asubuhi tulishika njia ya Maracha kuelekea Koboko, mimi nimejishikiza kiunoni mwake, vumbi jekundu likitupaka nyuso. Tulipita mabanda ya kukaushia tumbaku yaliyotoa moshi na mashamba ya mihogo yasiyokwisha. Kila tulipopunguza mwendo watu walimsalimia kwa jina.

Koboko tulifika kabla ya adhuhuri. Mwenye kiwanda, Kenyi, alikuwa mwanajeshi wa zamani, mrefu, aliyenyooka kama yuko gwaride bado. Wafanyakazi walimwita afande. Aliposikia natoka Tanzania alinitazama juu mpaka chini, nami nikakumbuka vita vya mwaka sabini na tisa kati ya nchi zetu.

"Jeshi yenu ilinikimbiza mpaka Kongo," akasema.

Kisha akavuta kiti. "Sasa wewe nakuja na karatasi tu. Kaa, kunywa chai."

Baada ya chai alitutembeza. Mapipa ya chokaa, ambamo ngozi hulowekwa ili manyoya yatoke, yalikuwa makavu. Sakafu ilisuguliwa. Nilichovya karatasi kijitoni, ikageuka kijani kizuri. Candiru aliandika, lakini sura yake haikufurahi. Hakuna kiwanda cha ngozi kisichonuka, na hiki hakikunuka.

Saa nane tulifuata kijito kwa miguu mpaka upande wa Lurujo, kumtafuta aliyeandika malalamiko. Alikuwa Poni, mama mkulima wa mboga, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakutupeleka kijitoni. Alituingiza nyumbani, akavuta kitambaa kilichofunika rafu. Zilikuwepo chupa za soda kumi na moja, zimezibwa kwa magunzi, kila moja ina kipande cha karatasi kilichoandikwa siku. Nyingine zilikuwa angavu. Nyingine zilikuwa na maji ya rangi ya uji, na chini yake tabaka nene jeupe.

"Hii ni Alhamisi," alisema akizigusa zile chafu moja moja. "Hii Alhamisi. Hii pia. Siku hiyo ng'ombe hapana kunywa. Naweka mdomo, natoa."

"Nani alikufundisha?" niliuliza.

"Hakuna mutu. Nalisema maneno, watu naniambia mimi naota. Basi naweka maji."

Basi Alhamisi ndiyo siku mapipa yalipokuwa yakimwagwa kijitoni. Nilichovya karatasi katika chupa moja, ikawa buluu kama wino. Candiru akamuuliza kama anataka kiwanda kifungwe.

"Bwana yangu nafanya kazi pale," alijibu Poni. "Mimi hapana taka ifungwe. Mimi nataka maji."

Tulirudi kwa Kenyi tukiwa watatu, chupa zimo ndani ya kapu. Candiru alizipanga mezani, akampa karatasi achovye mwenyewe. Kenyi alichovya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaketi.

"Leo nalisimamisha kazi kwa sababu ya barua yenu," alisema taratibu. "Naliogopa mtafunga. Sasa nifanye nini?"

Sauti ya Candiru haikupanda. "Chokaa inasimama leo. Kukausha na kushona iendelee. Dada atakuonyesha mashimo. Halafu mimi narudi kupima, na hapana andika barua."

Nilichora mashimo matatu yanayofuatana, ili uchafu utuame na maji ya juu tu yasonge mbele. Katika shimo la kwanza, maji machungu ya magome, yenye asidi, yanayotumika kuzuia ngozi isioze, yangekutana na ya chokaa, yapozane. Kesho yake asubuhi wafanyakazi walianza kuchimba, na watu wa Lurujo wakaja na majembe yao. Kenyi alivaa buti zake za jeshi, akashuka shimoni, akawa anahesabu mapigo ya jembe kwa sauti ya gwaride. Mume wa Poni alimwigiza nyuma yake mpaka watu wakashindwa kuchimba kwa kucheka, na afande mwenyewe akaangua kicheko. Mimi mikono ilitoka malengelenge, na sijawahi kuwa na likizo tamu namna ile.

Siku nane baadaye, mapipa yakiwa yameanza kazi tena, tulitokea Alhamisi bila taarifa. Kiwanda kilinuka kama inavyopasa. Nilichovya karatasi pale maji yalipoingia kijitoni. Ikawa kijani. Chini kidogo ng'ombe wa Poni waliingia majini mpaka magotini, wakanywa bila haraka. Poni aliwatazama, kisha akafunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Nilirudi Tanga nikiwa nimepungua kilo na kuongeza marafiki. Miaka yote nilipima maji ya kiwanda cha mkonge kwa siku zilizopangwa, nikaandika ripoti safi, na sikujiuliza mto huwaje nisipokuwepo. Jumatatu ya kwanza sikumwarifu mtu. Nilishuka mtoni chini ya kiwanda, nikamkuta mama anafua, nikamwamkia, nikamuuliza maji yalikuwaje wiki nzima.

Aliweka nguo pembeni, akakausha mikono, akanisogezea jiwe la kukalia.

"Kaa," akasema. "Hadithi ni ndefu."