Kope za Bi Kuruthumu

Bi Kuruthumu wa Kiwangwa alikuwa mtu wa asubuhi. Jua likichomoza, yeye keshapalilia matuta mawili ya mananasi, na mdomo haujamtulia. Lakini mwaka aliotimiza hamsini, mambo yakaanza kumgeuka kila ikifika adhuhuri. Kope zilimwanguka, kwanza jicho la kushoto, kisha yote mawili. Ili amwone mtu ilimbidi ainue kidevu, na majirani wakasema anaringa. Chakula kikifika nusu sahani, taya zinagoma. Sauti ikawa inatokea puani. Akilala na kuamka, mzima.

Wifi yake alisema amerogwa. Akafukizwa, akatiwa matone ya macho, wapi. Mwenyewe alifika mahali pa kudhani ni uvivu tu umemwingia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mumewe, mzee Shuaibu, alisikia kuna daktari wa mishipa ya fahamu anayekuja mjini Bagamoyo kutoka Dar mara moja kwa mwezi. Wakaenda. Kumbe ni mwanamke kijana, Daktari Mardhiya, akainuka kitini kuwapokea.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kope hizi, mama, huanguka saa ngapi?"

Miaka miwili watu walimuuliza Bi Kuruthumu amemkosea nani. Huyu ndiye wa kwanza kumuuliza saa.

"Saa saba hivi. Ikifika saa tisa sioni mbele."

Daktari alinyoosha kidole juu, akamwambia akitazame bila kushusha macho. Haikupita dakika, kope zikateremka zenyewe. Ndipo akaagiza barafu, akaitia ndani ya glavu na kuiweka juu ya jicho la kushoto. Wakangoja dakika mbili. Alipoiondoa, maji yakimchuruzika mama wa watu shavuni, jicho lilikuwa wazi kabisa. La kulia bado limelala.

"Subhanallah," alisema Shuaibu, kwa sauti ndogo.

"Mshipa unatuma amri, lakini msuli hauipati," daktari alieleza. "Kinga ya mwili imekosea, imeziba mahali pa kupokelea. Barafu inasaidia dakika chache tu. Vidonge vitasaidia zaidi. Ila sikufichi, mama, ugonjwa huu tutakaa nao."

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Si uvivu."

Bi Kuruthumu akajifuta uso kwa upindo wa kanga, na si maji ya barafu peke yake aliyoyafuta.

Kabla hawajaondoka, daktari alimfundisha kuhesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Siku akishindwa kufika kumi na tano, aje mbio kwake Dar, maana ugonjwa huu huweza kufika hata kwenye misuli ya pumzi.

Siku hiyo ilikuja wakati wa masika, baada ya homa ya kifua. Alihesabu, akaishia tisa. Shuaibu hakungoja mvua ikatike. Akatafuta gari, na jioni mkewe alikuwa Dar, mashine inampumulia. Alikaa nayo siku sita, anasikia kila neno, hawezi hata kuinua kidole.

Mpira wa mashine ulipotolewa kooni, alivuta hewa mwenyewe, akaitoa, akavuta tena. Daktari Mardhiya alikuwa amesimama kando ya kitanda chake.

"Unajisikiaje, mama?"

"Miaka yote hii," alisema Bi Kuruthumu polepole, "nilikuwa sijui kama napumua."

Sasa anameza vidonge kwa saa zake, analima asubuhi na kupumzika mchana, na wifi yake ndiye anayemkumbusha dawa. Lakini mara nyingine Shuaibu humkuta ameketi kizingitini, mkono kifuani, anausikiliza mwili wake unavyofanya kazi.