Alimwita Fundi

Kinyozi yule alipenda filamu za zamani za mapenzi, zile ambazo tajiri hujifanya mtunza bustani, na binti wa bwana mkubwa hujifanya mjakazi. Televisheni yake ilikaa juu ya kioo, na wateja walijua kwamba picha ikifika patamu, mashine husimama katikati ya kichwa.

"Mwambie, mjinga wee! Ndiye huyo huyo!" benchi zima lilimpigia kelele mtu wa kwenye picha.

"Hasikii huyo," kinyozi alicheka. "Mtazamaji kapewa macho, mdomo kanyimwa."

Alasiri moja kitini alikaa kijana mpole, muuza miwani, mgeni pale dukani. Alitaka ndevu zichongwe vizuri, maana kesho alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wakwe.

"Jikaze, mwanangu. Mkwe mwenyewe mkali?"

"Ndilo ninaloliogopa, baba. Mzee ni hakimu. Nasikia hacheki hata akitekenywa."

"Na nani huyo mwenye kichwa kigumu aliyejaribu kumtekenya hakimu?"

Benchi likaangua kicheko. Kinyozi akampaka povu, akafungua wembe. Mara mlango ukasukumwa, akaingia binti yake.

Uso wa mzee ukachanua. Tangu aanze kazi benki, binti hakuwahi kumtembelea kazini, hata duka lilipohamia mtaa huu. Kumbe hakuja kwa ajili yake.

"Bado tu?" alimwambia kijana wa kitini. "Nimekungoja nje mpaka miguu imeota mizizi."

"Karibu tunamaliza, mpenzi. Msalimie baba hapa, ana mikono ya dhahabu."

Binti akainua macho, yakagongana na ya baba yake ndani ya kioo. Uso ukamsawijika.

"Habari za kazi, fundi?"

Fundi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na neno lile lilimkaa mwilini kama shati lake mwenyewe. Leo lilimkaba shingo. Ndipo alipoelewa kwa nini mkewe alimbembeleza kesho aende kumtazama dada yake mgonjwa, asirudi mpaka jioni. Na kwa nini shemeji yake, mwenye kitambi na tai, alikuja jana nyumbani akakijaribu kiti cha mwenye nyumba sebuleni, huku na huku, kama anayenunua. Kumbe hakimu wa kesho kashapatikana.

Neno moja tu lingetosha. Lakini kijana alikuwa amelaza kichwa nyuma, macho amefumba, koo wazi, amemwamini. Na nyuma yake binti alikuwa akitikisa kichwa polepole, machozi yakimlengalenga, kama utotoni alipovunja kitu na kumwomba baba asimwambie mama. Akisema, amemvunjia mwanawe ndoa. Asiposema, kesho mwingine atampokea mkwe huyu kama baba wa binti.

Juu ya kioo, msichana wa filamu alianza kufungua aproni ya ujakazi.

"Mwambie!" benchi likapiga kelele. "Mwambie sasa!"

Wembe ukasimama hewani. Kisha ukashuka, ukapita shavuni taratibu.

"Nzuri, dada," kinyozi akajibu.

Binti akageuka, akatoka nje. Kijana alipofutwa povu alijitazama huku na huku, akaridhika, akaushika mkono wa kinyozi kwa mikono yake miwili.

"Umenitoa mpya. Niombee kesho, baba."

"Mzee wake akikuuliza kama utamtunza..." Akakung'uta shuka lisilokuwa na nywele. "Mwambie ndiyo."

"Nitamwambia, baba."