Benchi la Mwalimu Rudia

Mtihani wake wa kwanza wa udereva, Mwalimu Rudia aliufanya vizuri sana, isipokuwa alimsahau mtahini. Alimsalimu kwa adabu, akaingia garini, akafunga mkanda, akarekebisha vioo, akaondoka. Alizunguka mtaa mzima bila kosa, akiwasha taa za ishara hata kwa ajili ya kuku. Aliporudi, mtahini alikuwa bado amesimama palepale, faili kwapani, sura ya mtu aliyeachwa na mchumba.

"Inaonekana umeendesha vizuri," akamwambia. "Sasa nenda nyumbani."

Mara ya pili alimbeba mtahini, ila badala ya taa ya kukata kona akawasha waipa. Jua kali, kioo kikavu, waipa zikalia kwii-kwaa, kwii-kwaa mpaka mwisho wa barabara, maana hakujua zinazimwaje. Mara ya tatu aliegesha kwa ustadi wa hali ya juu, akashuka, akafunga mlango taratibu. Gari nalo likaanza kurudi nyuma taratibu vilevile, likaenda kuegemea ukuta wa ofisi ya mitihani. Breki ya mkono hakuigusa. Mara zilizofuata hata yeye hazikumbuki zote. Baba yake alifika mahali akawa anawaambia wageni kwamba binti anasomea udaktari, kwa sababu hakuna ambaye angeamini kuwa udereva unaweza kuchukua muda wote huo.

Kaka yake ndiye aliyefaidi. Nyumbani walimwita Namba Moja, kwa kuwa tangu anaanza shule hakuwahi kushika namba nyingine, na hakuruhusu mtu asahau. Wakikaa mezani tu, anaanza: "Mama, ficha funguo, dereva kaingia." Au: "Mdogo wangu, leo umemwacha nani barabarani?"

Mwalimu Rudia alicheka naye. Kila akifeli alikwenda moja kwa moja jikoni, akamsimulia mama yake mkasa wote, akiigiza sauti ya mtahini na mlio wa waipa, mpaka mama anafuta machozi na wala hakati kitunguu. Ndipo akagundua jambo la ajabu. Kosa alilolisimulia mpaka likachekwa halikumrudia tena. Lile alilolificha kwa aibu lilimsubiri kwenye kona, limekunja nne.

Basi alipofaulu, tena siku hiyo mtahini alimkumbatia kwa furaha kama ndugu aliyetoka kifungoni, alifungua chuo chake cha udereva kwa mtaji wa ugunduzi huo. Chuo chenyewe ni uwanja nyuma ya duka la matairi: gari moja jeupe lenye breki ya ziada miguuni pa mwalimu, mapipa ya kuzunguka, kilima cha kifusi cha kujifunzia kupanda, na benchi refu la mbao ukutani. Benchi ndilo lenye sheria. Ukikosea, unashuka, unakwenda kuwasimulia wanaosubiri zamu kile ulichofanya, mpaka acheke mtu. Asipocheka mtu, hujasema kweli. Akicheka, mwalimu anapiga makofi: "Rudia!"

Kinyozi wa mtaani aliwahi kusimulia jinsi alivyotazama kioo cha ndani, akaona ndevu zake zimekaa upande, akazishughulikia, akagonga pipa. Nesi mstaafu naye: "Niliweka gia ya kurudi nyuma, nikasema kwa sauti, haya twende mbele. Tukaenda tulikokwenda." Wote wawili hawakuyarudia makosa hayo. Walibuni mengine.

Mwaka mmoja kampuni aliyofanya kazi Namba Moja ikafungwa. Alikaa nyumbani na akili yake yote, bila pa kuipeleka, mpaka mke wake akampigia simu Mwalimu Rudia.

"Wifi, njoo umchukue kaka yako. Jana kanipangia sufuria kwa ukubwa. Leo kaanza na vifuniko."

"Sasa mimi nimfanyie nini, wifi?"

"Kiwanda cha mikate wanamtaka aendeshe gari la kusambaza. Wamempa mpaka Jumatatu alete leseni, la sivyo wanamchukua mwingine. Na hiyo kazi anaitaka, ila hawezi kukwambia wewe. Nafasi ya mtihani ameshaipata, Ijumaa."

Namba Moja akaja, amevaa tai. Alikagua gari kama analinunua, akaketi kwenye usukani, akaeleza kwa ufasaha jinsi klachi inavyofanya kazi. Tambarare aliendesha vizuri, mapipa akayazunguka safi. Walipofika katikati ya kilima cha kifusi, gari likazima.

"Hili gari lina matatizo," akasema.

"Benchini, kaka."

Alisimama mbele ya benchi, akaiweka sawa tai. "Kulitokea hitilafu ndogo ya uwiano kati ya klachi na mafuta."

Nesi akatazama kucha zake.

"Bosi," kinyozi akasema kwa upole, "hii ni taarifa ya habari?"

Ikawa hivyo kila siku. Anapanda, linazima, analaumu kifusi, petroli, viatu, mara moja akalaumu upepo. Anakwenda benchini, anatoa hotuba, hakuna anayecheka. Mdogo wake alimfundisha kila alichokijua: vuta breki ya mkono, achia klachi kidogo kidogo mpaka gari litetemeke kama linataka kupiga chafya, ongeza mafuta, ndipo uachie breki. Namba Moja alikariri yote hayo, na kilima kikamkatalia yote hayo.

Alhamisi, likazima tena. Mwalimu Rudia hakupiga makofi. Alizima kabisa, akatoa ufunguo.

"Kaka, kesho ni mtihani. Mimi nimekuchekesha mezani miaka na miaka kwa makosa yangu. Wewe hata moja huna?"

Namba Moja alishika usukani wa gari lililozimwa. Kisha akashuka mwenyewe, bila kutumwa, akaenda benchini akivua tai njiani.

"Mimi mtihani huu nimeshaufeli," akasema.

Benchi zima likainua vichwa. Mwalimu Rudia alibaki na mguu mmoja nje ya gari.

"Nilijiandikisha chuo kingine, upande wa pili wa mji. Nyumbani niliaga nakwenda kupimwa macho. Kwenye mlima gari likanizimia. Nikawasha, likazima. Nikamgeukia mtahini, nikamweleza kwamba mwinuko wa ule mlima umezidi kiwango. Nilimchorea, jamani. Nilimchorea pembe kwenye kioo, kwa kidole."

Kinyozi alishaanza kutikisika mabega.

"Akaniambia, 'Mzee, mlima haujaomba leseni. Aliyeomba ni wewe.'"

"Uuuwi!" Nesi akajipiga paja.

"Nikarudi nyumbani. Mke wangu ananiuliza, vipi, macho? Nikamwambia, daktari kasema ni mazima, ila nisitazame milima."

Kinyozi akaanguka kutoka benchini. Nesi alimwangukia juu yake. Mwalimu Rudia alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na Namba Moja, ambaye hakuwahi kuchekwa na watu wengi hivyo akiwa amesimama peke yake, aliangalia kulia, akaangalia kushoto, na akagundua kwamba hajafa. Akaanza kucheka yeye pia, kicheko kibovu cha mtu asiye na mazoezi.

"Rudia!" dada yake akapaza sauti kutoka chini.

Akapanda. Gari likapiga chafya, likapita.

Ijumaa Mwalimu Rudia hakuweza kufundisha. Alimwacha kila mwanafunzi agonge pipa alilolipenda, yeye macho getini. Hatimaye kaka yake akaingia, bila tai, uso hausomeki. Akampita. Akaenda moja kwa moja benchini.

"Sogeeni," akasema. "Leo nimefanya mambo."

"Kaka, umefaulu?"

"Subiri. Nimefika pale mlimani, nani yuko kando yangu? Mtahini yuleyule! Mzee wa pembe! Ananitazama, anakitazama kioo, anatoa kitambaa anakifuta kabisa, eti nisipate pa kuchora."

"Weee!" kinyozi akasema.

"Nikacheka, mguu ukateleza, gari likazima."

"Mungu wangu. Kaka, umefaulu au hukufaulu?"

"Nikamwambia, mzee, hilo limezimwa na mimi. Mlima hauna kosa lolote. Naye akaanza kucheka, faili likamdondoka, akainama kuliokota, mimi huku breki ya mkono, klachi, chafya..."

"Kaka!"

Namba Moja akamgeukia kwa kero, akachomoa leseni mfukoni, akamtupia mikononi.

"Nimefaulu, basi! Hebu tuache tumalizie. Sasa sikilizeni, huyu mzee bado kainama chini ya kiti, mimi nimeshafika juu..."