Mtani Aliyesema Kweli

Juzi nilikuwa stesheni ya Tabora nikingoja treni ya Mwanza, nikashuhudia utani wa mababu ukifa juu ya benchi la daraja la tatu.

Wasafiri wawili waliotoka mashamba ya mkonge, Mnyamwezi na Mgogo, walikuwa wakicheza poka, mchezo wa karata waliojifunza jeshini, ambao mwenzako akipandisha dau, ama uweke kama lake ama utupe karata na kupoteza ulichokwisha kuweka. Walichezea senti tu. Ghafla Mgogo akasukuma mbele senti zake zote, na juu ya senti hizo akaweka blanketi lake jipya. Ili kumfuata, Mnyamwezi ilimbidi aweke blanketi alilomnunulia mama yake. Akalishika, akaliachia, akalishika tena.

"Tupa karata, mtani," Mgogo akamwambia kwa upole. "Nimeshika kubwa. Mpelekee mama blanketi lake."

Mnyamwezi akacheka. Tangu lini mtani akakuambia kweli? Akaliweka.

Mgogo akafunua wafalme watatu; Mnyamwezi alikuwa na jozi moja tu.

Sote tulingoja amrudishie, maana mtani hukunyang'anya kofia asubuhi, jioni akakuvika mwenyewe. Yeye akayakunja mablanketi yote mawili, akayafunga kamba. "Si nilikuambia?"

Babu za hawa walipishana wakiwa wapagazi kwenye njia ya misafara ya pwani, wakatukanana na kugawana maji. Hadi leo, ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa.

Mnyamwezi akasimama, akajikung'uta suruali. "Nikifa, usije kunizika."

Mgogo akacheka mpaka akashika mbavu. Alidhani ni utani.