Umechukua Ile Ndogo?

Sisi tuliokulia Karagwe, kabla wazazi hawajaturudisha Rwanda, tulijua darubini kabla ya kujua televisheni. Ya baba ilikuwa na ngozi nyeusi iliyobanduka pembeni, na ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, mahali ambapo kwa majirani ilining'inia rozari. Baba aliwinda kwa kibali, na mimi, binti yake wa kwanza, ndiye niliyemfuata, kwa kuwa wadogo zangu wa kiume walikuwa bado wanatambaa. Nakumbuka alfajiri zile: umande hadi magotini, kiporo cha viazi na maharage kwenye jani la mgomba, harufu ya mafuta ya bunduki kwenye koti la baba. Tulitembea kimya. Mtoto wa leo ukimwambia atembee kimya hivyo, atadhani mtandao umekatika.

Haya yamenirudia wiki hii kwa mshtuko. Fabrice, mtoto wa mdogo wangu, anaishi nami hapa Gisenyi pamoja na mama yangu mzee. Wenzake wa kazini wamemwalika kwenda kuwinda Tanzania. Basi akatokea Petite Barrière, kivuko cha mpakani, amekumbatia boksi alilonunua Goma, na ndani mna darubini nene kama chupa mbili za bia. Imeandikwa ishirini kwa hamsini.

"Shangazi, hii iko kali," akaniambia. "Inavuta mara makumi mbili. Ile ya babu inavuta saba tu. Donc, ile tuipeleke musée, ikae na vitu vya kale."

"Na mikono yako utaipeleka wapi?" nikamuuliza. Akacheka.

Vijana wa sasa wakiona namba kubwa hawaulizi swali la pili. Ndivyo wanavyonunua simu. Lakini mimi nilishindwa kucheka, maana darubini ya namna hiyo niliwahi kuishika.

Mwaka mmoja baba naye aliingiwa na tamaa hiyo hiyo. Alinunua ishirini kwa hamsini kwa mchuuzi mpita njia, na ile ndogo yake, saba kwa thelathini na tano, akanivika mimi shingoni. Si kwamba hakujua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiikuza ya kwanza peke yake, mwanga unapungua, unachokiona kinakuwa finyu, na kila mtetemo wa mkono unakuzwa pamoja na mnyama. "Mkono si jiwe," alizoea kusema. "Kwa kushika mkononi, saba au nane inatosha." Ila tamaa ikiingia ndani, elimu hubaki nje.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulipanda mlima upesi, na tulipofika mwambani sote tulikuwa tunahema. Baba akatazama ng'ambo ya bonde, jua ndiyo kwanza linachomoza.

"Pongo jike," akanong'ona.

Alikuwa na desturi ya kutofyatua mpaka mtu wa pili atazame, kwa sababu jicho la mwindaji, alisema, lina njaa. Akanipa ile kubwa. Nikaona mgongo wa kahawia wenye madoa meupe, ukirukaruka kwenye kioo, ukiingia na kutoka kichakani. Nikasema ndiyo, ni pongo. Baba akaweka bunduki begani.

Sijui kwa nini niliinua ile ndogo. Labda nilitaka kumwona mnyama mzima. Mle ndani kila kitu kilikuwa kidogo, kimetulia, kina mwanga. Pongo akasimama kwa miguu miwili, akajitwika kikapu.

"Baba, ni mama."

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kahawia chenye madoa. Alituaga kuwa anakwenda kwa dada yake kijiji cha pili. Kumbe alikatiza huko na kuokota uyoga. Baba akateremsha bunduki, akakaa kwenye majani yaliyolowa mpaka jua likapanda. Alisema neno moja tu: "Usimwambie." Sikumwambia.

Jioni tulikula uyoga ule. Ulikuwa mtamu, na baba hakumaliza sahani yake. Ile darubini kubwa ikaishia chini ya kitanda. Tangu hapo, kila baba alipotoka kuwinda, mama alimsindikiza mlangoni na kumuuliza, "Umechukua ile ndogo?" Nilidhani anamwonea huruma kwa uzito.

Jana mama alikuwa barazani akichambua maharage huku Fabrice anaisifu ishirini yake. Akainua kichwa.

"Mjukuu wangu, chukua ile ndogo. Babu yako aliwahi kuniona pongo."

Nikamgeukia. "Mama, nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Niliona vioo viking'aa juu ya mwamba, vikubwa kuliko nilivyovizoea, na kando yake mtutu. Nilitaka kupiga kelele, nikaona sauti haitafika ng'ambo. Ndiyo maana nikasimama, nikajitwika kikapu, ili baba yenu aone mimi ni mtu. Kikapu chenyewe kilikuwa hakijajaa."

"Na hukumwambia kitu?"

"Alikula nusu sahani. Ningemwongezea nini?"

Akarudi kwenye maharage yake. Siku hizi mume akichelewa kurudi tu, mtaa mzima unasoma habari zake kwenye simu kabla ugali haujapoa. Wale wawili walilala kitanda kimoja miaka yote, ile kubwa ikiwa chini yao, kila mmoja akimtunzia mwenzake siri ile ile.

Leo asubuhi Fabrice ameondoka. Alipofika mlangoni, sauti ya mama ikamfuata kutoka chumbani:

"Umechukua ile ndogo?"

"Niko nayo, Nyogokuru," akamjibu bibi yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kila alfajiri, mlangoni kule Karagwe, mama alikuwa akimwambia baba kuwa anajua. Baba amekwishazikwa, na sijui kama aliwahi kumsikia.