Utepe wa Plastiki na Mikono Yangu ya Baridi

Jumapili mchana mawe ya ufukweni hapa Mwanza yanakuwa na joto hadi ndani. Napenda kulala juu yake nikiangalia kivuko kinavyokwenda Kamanga, polepole, mpaka sijui kama ni chenyewe kinachosogea au ni ziwa.

Hapo ndipo dada yangu anayesoma chuo aliponipa utepe wa plastiki aliokuwa ameupaka wino mweusi. Aliniambia wino huo ni plastiki inayopitisha umeme. Ukipasha ncha moja na nyingine ikabaki baridi, chaji za ndani zinahama kutoka penye joto, na umeme kidogo unatokea. Hazina barabara iliyonyooka. Zinaruka kutoka molekuli hadi molekuli, kama sisi tunavyovuka mawe. Wiki nzima niliziota. Hata kwenye kipindi cha historia nilikuwa naziona zinasita, halafu zinaruka.

Nyumbani nilibandika ncha moja kwenye kikombe cha bati chenye maji baridi ya ziwa, nyingine nikaibana kwa vidole, nyaya zikaenda kwenye mita ya kupimia umeme. Ikasoma milivolti sifuri nukta moja. Umeme kidogo sana, lakini ulitoka kwenye joto langu.

Ijumaa mwalimu wa fizikia alipita kuchagua mradi mmoja wa kwenda maonyesho ya sayansi ya wilaya. Nilitaka uwe wangu, nilitaka mno, na sikumwambia mtu. Alipofika mezani kwangu nikamwamkia, nikabana utepe. Sifuri. Nikabana tena. Sifuri. Msichana wa meza ya pili akanong'ona kwamba plastiki yangu imelala, iamshwe na uji. Mwalimu akaanza kugeuka.

Nikajigusa shavu. Vidole vilikuwa vya baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikiogopa huwa nakuwa hivyo. Mkono na kikombe vilikuwa sawa tu, chaji zingehama ziende wapi?

"Mwalimu, naomba mkono wako."

Wenzangu wakaguna. Akanitazama, kisha akabana. Sifuri nukta moja. Akaachia, ikashuka. Akabana tena, kama mtoto aliyeona swichi.

"Mbona kwangu inasoma, kwako haisomi?"

"Mwalimu una joto. Mimi nakuogopa, mikono imepoa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika jina langu kwenye karatasi yake, akasema kule kwenye maonyesho nitaongea mwenyewe, yeye hatanisemea. Nikajibu sawa kabla sijapata muda wa kufikiria.