Fomu ya Malaba Ilitaka Jina la Mkwe

Ule mwaka tulikula mgongo wazi. Watu wa Busia mnaukumbuka, nyama yote ya samaki mbuta imechunwa kiwandani imepelekwa kwa wazungu, sisi tunaletewa kichwa na mifupa ya katikati na mkia, tunakaanga mpaka mifupa inalia mdomoni kama karanga, na watoto wanapigania jicho. Ndio mwaka niliobaki uchi Malaba, pale mpakani. Naanza na hilo la uchi ili msije mkalisikia kwa wengine mkadhani nalificha. Walioniona ni madereva wa malori na wauza mayai na polisi, na aliniona yule mtu mmoja ambaye katika dunia hii yote hakufaa kuniona hata kisigino. Anayetaka kucheka acheke. Mimi bado sijacheka.

Nabwire, kifungua mimba wangu, aliolewa ng'ambo, Uganda, mjini Jinja. Hapa nyumbani Mundika watoto wa wanangu wa kiume walikuwa wamejaa uani kama vifaranga, lakini mtoto wa Nabwire ni kitu kingine, kwa sababu Nabwire alikaa na ndoa miaka mingi bila kuzaa, maneno akayasikia yote (mengine yalitoka kwa wanawake ninaoimba nao kanisani, nawajua, na wao wanajijua), na mwaka huo akajifungua msichana. Habari ililetwa na jirani yangu Mama Auma, ambaye kazi yake ni kuvusha sukari.

"Anasema uje Krismasi umbebe mtoto," Mama Auma akaniambia. "Anasema ana paji lako la uso."

Niliketi chini pale pale. Paji langu la uso liko Jinja, na mimi niko hapa nanyonya mifupa.

Sasa, kwa wale ambao hawakulelewa kwetu, mjue kwamba mama mkwe na mkwe wake hawaonani hivi hivi. Simpi mkono, siketi mahali ameketi, silali chini ya paa lake, na jina lake halipiti mdomoni mwangu. Si chuki, ni heshima, na ni kinga pia, maana heshima hiyo ikivunjika ubaya wake humfuata hata mtoto mchanga. Mkwe wangu nilikuwa nimemwona mara moja tu, tena mgongo, siku walipoleta mahari. Kwa hiyo tulipanga vizuri: nitalala kwa jirani ya Nabwire, na mkwe atangoja ng'ambo ya daraja, yeye atembee mbele, Mama Auma katikati, mimi nyuma nikitazama chini.

Kuvuka kwenyewe si jambo. Sisi tuna njia za panya, unapita kwenye mihogo ya mtu, unamsalimia mwenye shamba, ukiinua macho uko Uganda. Mama Auma alitaka tupite huko, akasema chai itakuwa haijachemka tumeshafika. Nikakataa. Nilisema siendi kumwona mjukuu wangu kama gunia la magendo, nitapita mlangoni, na karatasi, na muhuri, tena sitapita Busia ambako kila askari ananijua kama mama muuza dagaa wa omena, nitapita Malaba niwe msafiri kama wasafiri wengine. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya wimbi, na ndio ulionizalia haya yote.

"Haya, msafiri," Mama Auma akasema. Tulipofika Malaba akashika njia yake na sukari yake, nami nikashika laini ya wasafiri.

Ilikuwa siku moja kabla ya Krismasi. Malori yamejipanga mpaka macho yanachoka, madereva wameanika mashati kwenye vioo, watu wamebeba kuku na magodoro. Nje ya ofisi kulikuwa na mwanamume ana meza na kalamu, anawajazia watu fomu, ile ya kutoka Kenya pamoja na ile ya kuingia Uganda, zote hapo kabla mtu hajavuka. Aliniita kukhu, yaani nyanya, nikajua ni wa kwetu. Nikamwambia jina langu nitaliandika mwenyewe, kwa sababu nilisoma gumbaru, ile shule ya watu wazima, sikutupa muda wangu bure. Nikaandika. Herufi zikatoka nje ya kisanduku zikaenda kumsalimia jirani, laini ikangoja, mimi nikajiona mtu.

"Unaenda kwa nani, kukhu?"

"Kwa msichana wangu, Nabwire."

"Nabwire wa nani? Jinja ina akina Nabwire kama nzi. Hapa wanataka mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni baba wa mtoto."

"Na baba wa mtoto anaitwa nani?"

"Anaitwa baba wa mtoto."

Akaweka kalamu chini. "Kukhu, hata mimi nina mama mkwe. Nakuelewa kabisa. Fomu ndiyo haielewi."

Nyuma yangu mtu akasema, "Mama, taja twende, ng'ombe wa Krismasi anachinjwa bila sisi." Na mwanamke mmoja mwenye godoro kichwani akasema labda huyo mkwe hayuko, labda ni mkwe wa kuambiwa tu, na watu wakacheka, na shingo yangu ikapata moto. Mama Auma ndiye angeweza kunitajia, naye alikuwa tayari ng'ambo.

"Ninong'oneze basi," yule wa kalamu akasema, akaleta sikio.

Nikamjibu kwa sauti, wasikie wote: "Jina la mkwe wangu silitaji, hata mlango ufungwe."

"Haya. Utalala wapi?"

"Kwa jirani yao."

"Jirani anaitwa nani?"

Hilo nalo sikuwa nimeuliza. (Nani huuliza jina la kitanda?) Wakati huo akapita kijana wa kizungu, amebeba mfuko mgongoni kama punda, akajaza fomu yake amesimama, akaingia. Nikauliza, na yule anaenda kwa nani? Mwandishi akasema yule haendi kwa mtu, yuko likizo.

"Basi niandikie na mimi likizo," nikasema.

Alinitazama. Akamtazama jogoo wangu aliyefungwa miguu kwenye kikapu, akautazama unga wa wimbi na kibuyu cha maziwa ya kuganda. Kisha akaandika, maana laini ilikuwa inapiga kelele.

Ndani kulikuwa na afisa kijana, shati lake linakata kwa pasi. Akaisoma fomu polepole kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala.

"Mama wa Mundika. Uko likizo."

"Niko likizo."

"Utalala wapi?"

"Hoteli."

"Hoteli gani?"

"Nitachagua nikifika."

"Na jogoo naye yuko likizo?"

"Niko naye," nikasema, na ofisi nzima ikacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nilisimama wima. Uongo ukishauvaa, huwezi kuuvua mbele za watu, unatembea nao tu.

Afisa akaacha kucheka akaanza kutazama kiuno changu. Nilikuwa mnene kuliko miguu yangu, na sababu ninayo: blanketi la mtoto na vitenge viwili vya Nabwire nilijifunga mwilini chini ya gauni, nikiogopa wezi wa mabegi. Lakini siku hizo wanawake wa magendo walijifunga nguo hivyo hivyo, Mama Auma mwenyewe amewahi kuvuka akiwa na mimba ya vitambaa. "Mama, ingia huku nyuma ukaguliwe," akasema. Askari wa kike akanipeleka chumba cha nyuma, akanivua gauni, akaanza kunizungusha kama uzi wa kishada, blanketi likatoka, kitenge kikatoka, na kingine, nikabaki na shimizi yangu ya zamani iliyochoka kwapani. "Hizi za nani?" akauliza. Nikamwambia za likizo.

Kumbe ng'ambo habari zilishafika. Wauza mayai walivuka wakisema kuna nyanya amekamatwa na jogoo, ati wanaenda likizo. Mama Auma akacheka, halafu akaacha kucheka, akamwambia mkwe. Na yule mtoto wa watu, kwa roho yake nzuri, badala ya kumtuma mtu alikimbia mwenyewe akavuka daraja. Nikasikia sauti ya mwanamume ofisini ikisema, "Huyo ni mama mkwe wangu, nimekuja kumdhamini." Na afisa, akidhani ananisaidia, akashika mlango wa chumba nilichokuwa, mimi na shimizi, akasema, "Mama, kuna mtu wako hapa."

Kulikuwa na mlango wa nyuma. Nyinyi mngefanya nini? Niliona kiatu cha mkwe tu, na miguu yangu haikuniuliza.

Mtu akipita mlango wa nyuma wa ofisi ya mpaka anakimbia, polisi hawafikirii mambo ya wakwe. Wakapiga kelele kwamba mwenye magendo anatoroka, na Malaba ikisikia hivyo inakimbia yote, wauza mayai, makuli, wanaobadilisha pesa, wote nyuma yangu, nami naingia kati ya malori kama kuku anayetafutwa kwa wageni. Pale lori linaposhikana na trela yake, chuma kikashika shimizi. Mimi nikaenda mbele, shimizi ikabaki. Nilianguka kifudifudi kwenye tope la mafuta, na chini ya shimizi, nawaambia ukweli, hakukuwa na kitu cha kusifia.

Wa kwanza kufika alikuwa mkwe. Alikuwa anakimbia awazuie, awaambie wamwache mama, na kwa kuwa ni kijana akawapita wote. Aliniona. Akageuka, akaweka paji lake la uso kwenye gurudumu la lori, akafunika macho kwa mikono miwili, akabaki hivyo.

Mwanamke mmoja wa Uganda, muuza ndizi, akafungua shuka yake akanifunika. Akawaambia wale wanaume, "Bassebo, mabwana zangu, huyu ni mama wa mke wake. Mnajua mmefanya nini?" Watu wakarudi nyuma. Hata polisi mmoja alivua kofia, akaishika kifuani kama kwenye matanga.

Kisha mkwe, bado amelitazama gurudumu, akamwambia afisa, "Andika jina langu." Akalitaja. Mimi niliziba masikio. Afisa akaandika pale pale, fomu juu ya goti, akarudi ofisini, akaja nazo zimegongwa muhuri, akaniinamia nilipokaa kwenye kivuli cha lori na kuniambia kwa adabu ambayo ingenifaa asubuhi: "Pole, mama. Kila kitu kiko sawa. Unaweza kwenda sasa."

Kila kisanduku kimejaa, mlango uko wazi, daraja lile pale, mtoto yuko Jinja na paji langu la uso. Na sikuweza kwenda. Mkwe akishaona uchi wa mama mkwe, hakuna kukanyaga uani kwake wala kumshika mtoto anayeshikwa naye, mpaka wazee wa pande zote wakae, mbuzi achinjwe, maneno yasemwe. Mama Auma akaja akachukua blanketi na vitenge na jogoo. Jogoo akavuka kwa njia ya panya, hakuulizwa fomu, akala Krismasi Jinja au akaliwa, sijui. Mimi nikarudi Mundika na shuka ya mtu.

Wazee, mnawajua wazee. Kwanza wakasema wafikirie, halafu ikawa mvua, halafu wa upande wao akafa, halafu mbuzi akakataliwa kwa kuwa na sikio lililokatika. Mambo yalipoisha Nabwire alikuja mwenyewe, na mtoto akaingia uani kwangu akitembea kwa miguu yake. Nilipiga magoti nikafungua mikono. Akanitazama, akakimbia, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake akalia kama ameona fisi. Paji la uso ni langu kweli. Hakunijia siku hiyo, wala kesho yake.

Jioni Nabwire akakaa karibu yangu jikoni, mtoto amemlalia mapajani, jicho moja linanichungulia.

"Mama, ilikuwa neno moja tu."

"Najua."

"Ungesema, ungembeba huyu akiwa bado ananukia maziwa."

"Najua, Nabwire."

"Na Krismasi hii ukija watakuuliza tena. Baba wa huyu mwenyewe amesema jina lake ulitaje, hana neno. Utasema?"

Nilimtazama mtoto. Nikanyoosha kidole nimguse mguu, akauvuta.

"Jina la mkwe wangu silitaji, hata mlango ufungwe."